Mkate Unaomngoja Msafiri



Leo napenda kuwasimulia habari za safari, na ndani ya safari hiyo kosa langu mwenyewe. Naomba mnivumilie, maana kosa lenyewe sikulitambua siku nilipolitenda. Nililitambua mbali sana na kwetu, nikiwa nimeketi mezani pa mtu nisiyemjua.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Mei, nilijaliwa kuizuru nchi ya Uzbekistan, katikati ya bara la Asia. Ni nchi iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti hata ilipojipatia uhuru wake mwaka 1991. Iko mbali mno na bahari. Mtu atokaye humo kwenda kwenye bahari kuu yoyote hana budi kupita katika nchi nyingine mbili kwa uchache. Wengi wetu, kama tunaijua, twaijua kwa majina ya miji yake mikubwa ya kale, Samarkand na Bukhara. Jirani zetu Waislamu hulifahamu jina la Bukhara kwa sababu ya Imamu Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa Hadithi za Mtume Muhammad, aliyezaliwa huko mwaka 810. Miji hiyo niliiona, nikastaajabia kuba zake za vigae vya buluu. Lakini leo sitasema habari za kuba. Nitasema habari za mji mdogo uitwao Nurota.

Ukitoka mji wa Navoiy, njia huelekea kaskazini kupitia nchi kavu ya malisho, ambamo huonekana mchungaji na kondoo wake, kisha kwa kitambo kirefu huoni mtu. Mwisho wake ni milima iliyo wazi, na chini ya milima hiyo ndipo palipo Nurota. Ng'ambo yake ni jangwa la Qizilqum, maana yake mchanga mwekundu. Katika nchi kame namna hiyo utauliza, mji huu unaishi kwa nini? Unaishi kwa chemchemi. Maji safi hububujika chini ya kilima, yakajaza bwawa, kisha yakashika njia ya mfereji kwenda mjini. Juu ya kilima yamesalia magofu ya ngome ya udongo, ambayo wenyeji huihusisha na Aleksanda Mkuu. Ndani ya maji yale wamo samaki wengi ajabu, nao hawavuliwi wala hawaliwi na mtu yeyote. Watu huwahesabu kuwa ni watakatifu. Wazee huketi kando ya bwawa kwa utulivu, na watoto huchungulia majini kama watoto wa kwetu wanavyochungulia kisima.

Nilipouliza maana ya jina la mji, niliambiwa kwamba *nur* ni nuru, na *ota* ni baba. Nikashtuka kwa furaha, maana neno nuru nililijua tangu utotoni. Kumbe maneno mengi yaliyotufikia sisi kutoka Kiarabu yaliwafikia na wao kwa njia nyingine. Dunia kwao ni *dunyo*, wakati ni *vaqt*, kitabu ni *kitob*. Chai ni *choy*, na wali wao wa nyama na karoti, ambao ni fahari ya kila karamu, huitwa *palov*, nasi twamjua nduguye kwa jina la pilau. Safari ni *safar*. Na mtu aliye safarini, mgeni asiye na kwao mahali pale, huitwa *musofir*. Hilo nalo ni neno letu: msafiri.

Basi siku ile mimi ndiye niliyekuwa msafiri, tena msafiri mzembe. Teksi za abiria wengi huko zina desturi kama ya magari yetu: huondoka zikishajaa. Nilikawia chemchemini, na nilipofika kituoni jua lilikuwa limekwisha kuinama. Dereva mmoja tu alikuwapo, naye hakuwa na abiria wengine. Tukangoja. Hatimaye akatikisa kichwa, akaenda zake nyumbani. Nikabaki na mkoba wangu, sijui neno la Kiuzbeki zaidi ya hayo niliyowatajia.

Mzee mmoja mwenye kofia nyeusi iliyodariziwa kwa uzi mweupe alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa njia. Akavuka, akaweka mkono juu ya kifua chake, akanipa salamu. Nikamwonyesha kituo kitupu. Hakuuliza pasi yangu ya kusafiria, wala dini yangu, wala nimefuata nini. Alisema neno moja, *musofir*, kama mtu anayejieleza mwenyewe jambo lililo wazi, akauchukua mkoba wangu, akatangulia.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, yenye ua, na katika ua mforosadi uliokuwa umezaa. Chini ya mti palikuwa na kitanda kipana cha mbao, ndicho baraza yao. Niliketishwa mahali palipo mbali zaidi na mlango, mahali pa heshima. Mke wake akanimiminia maji mikononi. Kitambaa kikatandikwa, na juu yake ikawekwa mikate ya mviringo iliyotoka katika tanuri ya udongo. Mkate kwao haukatwi kwa kisu. Humegwa kwa mkono. Hauwekwi chini, wala haulazwi kifudifudi. Mzee akaumega, akaweka kipande mbele yangu kabla ya kujimegea yeye. Chai nayo wao humimina kidogo tu katika bakuli lisilo na mkono, wapate sababu ya kukumiminia tena na tena. Wana mithali isemayo kwamba mgeni ni mkuu kuliko baba yako mzazi. Usiku ule nilijua kwamba mithali ile hawaisemi kwa mdomo tu.

Alikuwapo mjukuu wao wa kike, msichana aliyekuwa akijifunza Kiingereza shuleni. Kwa haya nyingi akawa mkalimani wetu. Nilimuuliza juu ya mkate mmoja niliouona umetundikwa ukutani, mkavu kama kuni, umemegwa upande mmoja. Akanieleza kwamba mtu wa nyumba anapoondoka kwenda mbali, huuma mkate kidogo, na mkate uliobaki huhifadhiwa mpaka arudi aumalize. Mkate ule ulikuwa wa baba yake. Alikuwa ameondoka kwenda Urusi kufanya kazi ya ujenzi, kama walivyokwenda vijana wengi wa nchi ile.

Babu yake hakuelewa maneno tuliyosema, lakini aliona tulikokuwa tukitazama. Akanimiminia chai tena.

Asubuhi, ndugu zangu, nilifanya jambo nililoliona kuwa la kiungwana. Nilijua kwamba nyumba ile si ya matajiri. Nikakunja noti kadhaa, nikaziweka chini ya buli. Mzee akaziona kabla sijavaa viatu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Uso wake ulianguka, kama mtu aliyefanya kosa asilolijua. Akasema maneno machache, na msichana akasita kabla ya kuyafasiri. Kisha akaniambia: "Babu anauliza, je, huko kwenu wageni hulipa?"

Nikajibu upesi, "Hapana." Nilitaka kulitetea jina la kwetu. Nilitaka kumwambia kwamba nasi tuna mithali zetu, kwamba kwetu husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini neno "hapana" lilipotoka kinywani mwangu, nikamkumbuka kijana mmoja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, jioni ya mvua kubwa, kijana alibisha mlango wa nyumba yangu. Alikuwa na mfuko mmoja, ameloa chapachapa. Alisema ameshuka basi asubuhi, kwamba aliyemwahidi kazi hakumwona, na kwamba hana pa kulala. Nilimsikiliza nikiwa nimeushika mlango. Nilikumbuka visa vya wezi. Nilikumbuka pia kwamba chakula changu kilikuwa mezani kinapoa. Nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Njoo kesho saa tatu, ofisi itakuwa wazi." Akasema, "Asante, Baba." Kesho yake saa tatu iliwadia, naye hakuja. Mpaka leo sijui alilala wapi.

Mimi sikumdai kijana yule fedha. Nilimdai kitu kingine: aje kwa saa yangu. Nilimdai awe mgeni wa mchana, mwenye nguo kavu na maelezo yaliyonyooka. Hayo nayo ni malipo, wapendwa, na maskini hana ya kulipa.

Mzee wa Nurota alizirudisha noti zangu mkononi mwangu, akaufunga mkate mzima katika kitambaa, akanipa uwe chakula cha njiani. Akanisindikiza hadi kituoni, akasimama pale mpaka gari lilipojaa.

Katika Maandiko Matakatifu tunasoma juu ya Ibrahimu, baba wa imani yetu, ambaye hata wale wenyeji wangu humheshimu kwa jina la Ibrohim. Aliketi mlangoni pa hema wakati wa joto la mchana, akawaona watu watatu wamesimama. Hakungoja wabishe. Alipiga mbio kuwalaki, mzee wa umri ule! Aliwaahidi kipande cha mkate, kisha akawaandalia karamu. Wala hakujua ni akina nani. Laiti angetaka kujua kwanza, huenda wangepita, na ile habari njema ya mtoto ingepita pamoja nao.

Tena tunasoma juu ya wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau. Walitembea na Bwana njia nzima wasimtambue. Walimwalika alale kwao kwa sababu moja tu: usiku ulikuwa unaingia, naye alionekana yu safarini. Macho yao yalifumbuliwa alipoumega mkate. Lakini, ndugu zangu, mkate ule usingemegwa kama wasingemkaribisha ndani.

Najua mtaniuliza: Je, tufungue milango usiku kwa kila mtu, katika siku hizi za wizi na udanganyifu? Ni swali la haki, wala sitaki kulipuuza. Mama aliye peke yake na watoto wake ana wajibu wa kuwalinda. Lakini kati ya kufungua mlango wote na kuufunga wote pana nafasi. Pana kibaraza na kikombe cha chai. Pana jirani unayeweza kumwita muwe wawili. Pana ukumbi wa kanisa, wenye mabenchi yasiyokaliwa na mtu usiku kucha. Mimi nilikuwa na hayo yote jioni ile. Mzee wa Nurota naye hakunijua. Alikuwa na sababu zote za kuniogopa nilizokuwa nazo mimi kwa kijana yule.

Nadhani alichokuwa nacho zaidi yangu ni ule mkate ukutani. Kila siku ulimkumbusha kwamba mwanawe ni msafiri mahali fulani, na kwamba jioni ile ile huenda anabisha mlango wa mtu. Alinitendea mimi kama alivyotamani mwanawe atendewe. Je, sisi hatuna wana walio mbali? Hakuna mtaa wetu usio na binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, au kijana aliyekwenda mjini na nauli ya kwenda tu. Tunawaombea kila usiku wakutane na watu wema. Basi ni haki kuomba hivyo, huku mtoto wa mwingine akisimama mvuani mlangoni petu?

Mkate wa Nurota niliula njiani mpaka kipande cha mwisho. Siwezi kumlipa mzee yule. Hana haja, na sina njia. Deni lile hulipwa kwa mgeni mwingine, na labda ndivyo lilivyokusudiwa. Tangu niliporudi, katika nyumba yangu kipo kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya yeyote anayekosa pa kulala. Mara nyingi kiko kitupu. Mara nyingine kina mtu. Kijana yule hajarudi, nami bado namngoja.

Juma hili, wapendwa, naomba kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyebisha mlangoni pake akaambiwa aje kesho. Kama yu karibu, mtafute. Kama hujui alipo, weka akiba ya mkate kwa ajili ya atakayemfuata.

Ee Bwana, uliyekuja kwetu ukiwa mgeni, uwalinde wote walio safarini leo, na uwafumbue macho wote walio nyuma ya milango. Amina.