Hukumu Isiyo na Tarehe: Mahakama ya Katiba, Mamlaka ya Rais na Haki za Raia



Wengi hapa Lubumbashi wanaiona Mahakama ya Katiba kuwa jambo la Kinshasa: majaji tisa wenye majoho, kesi za marais, redio ikitangaza usiku wa manane. Lakini mahakama hiyo iligusa mji huu mapema sana, miezi mitano tu baada ya majaji wake wa kwanza kula kiapo Aprili 2015. Iligusa haki ambayo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilikuwa imeyapa majimbo: gavana achaguliwe na wabunge wa jimbo lake, asitoke kwenye sahihi ya rais.

Kumbukeni mwaka ule wa 2015. Nchi ilikatwa kutoka majimbo 11 hadi 26, na Katanga yetu ikawa nne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Mgawanyo huo ulikuwa ndani ya Katiba tangu mwanzo. Ulilazwa miaka tisa, kisha ukatekelezwa mbio mbio, fedha hakuna, na kalenda ya uchaguzi haitekelezeki. Tume ya Uchaguzi, CENI, ikaenda mahakamani kuuliza ifanye nini na uchaguzi wa magavana wapya. Jibu lilitoka tarehe 8 Septemba 2015. Ndani yake majaji waliiamuru serikali ichukue bila kukawia hatua za pekee za mpito, ili usalama na kazi za umma zisikatike huku uchaguzi ukingojewa.

Isomeni tena amri hiyo. Swali lilihusu uchaguzi. Jibu likafungulia serikali mlango. Hatua hizo ni zipi? Hukumu haikuzitaja. Zikome siku gani? Haikusema pia. Tarehe 29 Oktoba, rais Joseph Kabila akateua makomiseri maalum wa kuongoza majimbo mapya. Mwezi mmoja kabla ya hapo Moïse Katumbi, gavana wa Katanga nzima na rais wa klabu ya soka ya Mazembe, ambayo uwanja wake uko papa hapa Kamalondo, alikuwa amejiuzulu na kukihama chama tawala. Haut-Katanga ikapewa Jean-Claude Kazembe kwa amri ya rais. Uchaguzi wa magavana ulipofika Machi 2016, alishinda yeye. Waliompigia kura walikuwa wabunge wa jimbo waliochaguliwa mwaka 2006 kwa muhula wa miaka mitano, nao walikuwa bado vitini. Simjadili Kazembe kama mtu. Ninachosema ni kwamba mgombea aliyeingia kwenye kura akiwa tayari anashika ofisi, askari na hazina ya jimbo, kwa mkono wa rais, hakusimama sawa na wenzake. Ndivyo haki iliyoandikwa inavyoweza kubaki kwenye karatasi huku uzito wake umeshatolewa.

Hukumu ile ilikuwa mazoezi ya nyingine kubwa zaidi. Tarehe 11 Mei 2016, kwa ombi la wabunge wa upande wa rais, Mahakama ilitafsiri kifungu cha 70. Fungu lake la kwanza linasema rais anachaguliwa kwa miaka mitano, na anaweza kurudia mara moja tu. La pili linasema kwamba muhula ukiisha, anabaki kazini hadi rais mpya aliyechaguliwa ashike kiti. Kwa maoni yangu, fungu la pili liliandikwa kwa ajili ya siku zile chache kati ya kura na kiapo. Mahakama ililisoma kwa upana: hata kama kura haijapigwa kabisa, rais anabaki, kwa sababu dola haiwezi kukaa bila kichwa.

Hoja kwamba dola isikatike ni hoja nzito, nami siidharau. Nchi hii inajua gharama ya kiti kitupu. Lakini fikirini mpangaji ambaye mkataba wake umeisha. Mwenye parsele anamwambia akae hadi mpangaji mpya aingie, kisha kazi ya kumtafuta huyo mpya anamwachia yeye mwenyewe. Atamtafuta lini? Muhula wa Kabila uliisha tarehe 19 Desemba 2016. Watu waliingia barabarani, na wengine walikufa, Kinshasa na hapa Lubumbashi. Kura ilipigwa tarehe 30 Desemba 2018, na Félix Tshisekedi akaapishwa tarehe 24 Januari 2019. Miaka miwili na zaidi ilipita ndani ya mwanya ambao hukumu ya Mei iliuacha wazi.

Ndiyo maana nashikilia jambo moja. Majaji wakikuta uchaguzi umekwama, wanaweza kuruhusu mpito. Lakini lazima wauandikie tarehe ya mwisho, na wakatae kumpa faida ya ucheleweshaji yule aliyekuwa na wajibu wa kuuzuia. Kenya ilitupa mfano tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais. Marudio yalikuwa na siku 60, zilizowekwa na katiba yao, na kura ikapigwa tarehe 26 Oktoba. Upinzani uliisusia, na majeraha yalikuwepo. Hata hivyo hakuna rais aliyepata miaka miwili ya ziada.

Mtaniuliza: majaji gani watathubutu? Rais ndiye anayewateua wote tisa, ingawa watatu tu ni kwa hiari yake mwenyewe. Watatu wanapendekezwa na Bunge, watatu na Baraza Kuu la Mahakimu. Muhula wao ni miaka tisa, nao haurudiwi. Muhula huo mrefu uliwekwa ili jaji asiwe na cha kuomba kwa mtu. Julai 2020, wawili walihamishwa kwa amri ya rais kwenda Mahakama ya Kasasyo kabla muda wao haujaisha, bila wao kukubali. Oktoba wabadala wao waliapishwa, na viongozi wa mabaraza yote mawili ya Bunge hawakuhudhuria. Jaji akiona mwenzake anaondolewa hivyo, kalamu yake inakuwa nzito anapotaka kuandika tarehe.

Sasa swali lingine liko njiani. Oktoba 2024, pale Kisangani, rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuipatia nchi katiba mpya. Kifungu cha 220 cha Katiba ya 2006 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Watu husahau kwamba kifungu hicho hicho kinakataza pia marekebisho yoyote yanayopunguza haki za mtu au mamlaka ya majimbo. Kwetu katika Katanga ya zamani, neno hilo la mwisho lina uzito wake.

Kwa kifungu cha 168, hukumu za Mahakama hazina rufaa, na zinawafunga viongozi wote, raia na wanajeshi. Basi nguvu yetu iko kabla ya hukumu. Kifungu cha 162 kinamruhusu mtu yeyote, si mbunge tu, kuishtaki sheria au kanuni inayokwenda kinyume cha Katiba. Wadogo zangu mnaosoma sheria, mkiandika ombi la namna hiyo, msiishie kuomba kifungu kitafsiriwe. Ombeni Mahakama itaje hatua inayoruhusiwa, imtaje anayewajibika, na iandike siku ambayo ruhusa hiyo itakufa.