Mwacheni mtoto acheze



Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anaonyeshwa Yerusalemu itakayorudishiwa amani. Anaona wazee wameketi njiani na fimbo zao, na wavulana na wasichana wakicheza barabarani.

Sisi wa Goma tunazijua barabara zisizo na watoto. Tuliziona Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka, tukakimbia, wengine Sake, wengine Gisenyi. Tukaziona tena Januari 2025, siku zile za mapigano tulipolala sakafuni.

Watoto walipotoka nje tena, walicheza nini? Mjukuu wangu wa miaka 5 alipanga mawe meusi yakawa nyumba, akaligonga kwa chukudu yake ndogo: bumu! Akapanga tena, akabomoa tena. Nikamgombeza: mchezo gani huo wa vita? Akanyamaza. Usiku akakojoa kitandani, jambo aliloacha zamani.

Mama mmoja anayechezesha watoto wa wakimbizi aliniambia, “Mchungaji, mtoto alikuwa anakusimulia, ukamfunga kinywa.” Niliona haya, nakiri.

Wazazi wenzangu, sisi tukiogopa tunamweleza jirani. Mtoto hana maneno hayo. Anaeleza kwa mawe, kwa mdoli wa matambara, kwa udongo. Na katika mchezo yeye ndiye anayeamua nyumba ianguke lini; siku ya mabomu hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo wanaoifanya kazi hii hukaa chini pamoja naye, wakamwacha aongoze. Wanauliza polepole: waliomo ndani wanaogopa? Asipojibu, hawamlazimishi.

Lakini kama majuma yanapita na mchezo haubadiliki, hakuna anayeokolewa ndani yake, na mtoto halali, hali, au anapiga wenzake, mpelekeni kituo cha afya, mwombe msaada wa kisaikolojia. Maombi tufanye, ndiyo. Ila msimwambie mtoto kwamba ana pepo kwa sababu anacheza vita. Hilo nimelisikia hata makanisani, na linaumiza.

Juma hili tafuteni robo saa, mkae chini naye, simu iwe mbali. Mimi magoti yananiuma, lakini nakaa. Juzi mjukuu wangu alijenga tena, safari hii akaacha mlango nyuma. Nikamuuliza ni wa nini.

“Koko, watu watapitia hapa.”