Tabia ya Mgonjwa na Kumaliza Dawa



Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa za namna nne, na miezi minne iliyobakia za namna mbili. Hayo yajulikana. Lisilofikiriwa sana ni kwamba dawa ile ile, kwa maradhi yale yale, humponya huyu na kumpotea yule kwa sababu ya tabia.

Watu hudhani kuwa aachaye dawa ni mzembe. Mzembe yupo, lakini afadhali yeye, maana akikumbushwa humeza. Mwenye kuhofiwa zaidi ni yule hodari, mtu wa kazi, asiyependa kuitwa mgonjwa. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, mwili hurudi, naye huenda zake sokoni Buyenzi akiwa na yakini kwamba amepona. Vidonge huviacha. Kumbe vijidudu vilivyosalia mapafuni havijafa. Huamka tena, na pengine vimekwisha izoea dawa, na watoto alalao nao chumba kimoja ndio wa kwanza kuvipokea.

Yuko na mwenye shaka. Rifampisini hugeuza mkojo rangi ya machungwa au nyekundu, naye hudhani ni damu, akaitupa. Neno moja la mapema lingalimtoa hofu. Mwenye haya naye huvificha vidonge hata mkewe asivione, na akisafiri huvisahau huko huko alikovificha.

Kisha yuko mcha Mungu mwenye kujikaza. Ramadhani ikiingia huikataa ruhusa aliyopewa mgonjwa katika Sura ya Al-Baqara, akafunga, na dawa ya mchana akaiacha. Huyu hafai kukemewa na vijana. Na aendewe na shehe wake, amkumbushe kuwa siku hizo zalipika. Na tabibu aulizwe kama dawa yaweza kuhamishiwa futari au daku.

Wataalamu wameona kuwa watu makini hufuata dawa vizuri zaidi, ila tofauti yenyewe ni ndogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wenye maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu ni kama nusu tu. Basi lawama haina kazi kubwa hapa. Mpango wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977 na kusaidiwa na Dakta Karel Styblo, haukungoja watu wabadilike tabia: miezi ya kwanza mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu. Katika miaka ya 1990 njia hiyo ikaenea duniani.

Buyenzi nyumba zimepakana, na ni nadra kukosa bibi mmoja ajuaye nani amekula na nani hajala. Mgonjwa akiridhia, huyo ndiye wa kukabidhiwa pakiti ya dawa.