Barua Kutoka kwa Unayemjua: Viambatisho vya Barua Pepe na Usalama wa Kompyuta za Nyumbani



Onyo tulilolizoea kuhusu virusi vya kompyuta ni hili: usifungue kiambatisho kilichotumwa na mtu usiyemjua. Leo nataka kulipinga. Si kwamba ni la uongo, ila linamfanya mtu aamini kuwa kinachotoka kwa anayemjua ni salama, na huko ndiko virusi vibaya zaidi vilikopitia.

Tuchukue mfano wa tarehe 4 Mei 2000. Siku hiyo kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilianza kusambaa kutoka Ufilipino. Kilifika kama barua pepe yenye kichwa hicho hicho, ikiwa na kiambatisho kilichojionyesha kuwa ni barua ya mapenzi: LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Aliyekifungua hakukuta mapenzi yoyote. Kirusi kilisoma orodha nzima ya anwani katika programu ya Outlook, kikajituma kwa kila aliyemo, tena kwa jina la mwenye kompyuta. Bosi akapata barua ya mapenzi kutoka kwa karani wake, shangazi kutoka kwa mpwa wake. Nani angeiacha bila kuifungua? Picha zilizokuwa kwenye diski ziliharibiwa, nyimbo zikafichwa. Bunge la Uingereza lililazimika kuzima barua pepe zake kwa muda, na kompyuta zilizoambukizwa duniani zilikuwa mamilioni.

Aliyekiandika, Onel de Guzman, alikuwa kijana wa Manila aliyesomea kompyuta. Hakuadhibiwa, kwa kuwa Ufilipino wakati ule haikuwa na sheria ya kosa la namna hiyo. Miaka mingi baadaye alikiri mbele ya mwandishi wa habari wa Uingereza: alichotaka ni kuiba nywila za watu ili atumie intaneti bila kulipa.

Ufundi wenyewe haukuwa mkubwa. Jina kamili la faili lile lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Herufi za mwisho, vbs, ndizo zilizoonyesha kuwa hiyo ni programu inayotekelezwa, si maandishi ya kusomwa tu. Lakini Windows ilikuwa imepangwa kuficha herufi hizo za mwisho, na mpaka leo bado imepangwa hivyo. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi mbaya wa watengenezaji, na umedumu mno. Kuurekebisha ni kazi ya dakika moja: fungua folda yoyote, ingia kwenye menyu ya View, tafuta maneno File name extensions, weka tiki. Kuanzia hapo, ankara inayoitwa ankara.pdf.exe itaonekana ilivyo. Faili linaloishia na exe, vbs, js, scr au bat halina sababu ya kuja kwako kwa barua pepe, hata aliyelituma awe nani.

Hati za Word na Excel nazo zina mlango wao, yaani makro: amri ndogo zilizofichwa ndani ya hati. Kirusi Melissa cha Machi 1999 kilipitia humo, kikajituma kwa anwani 50 za mwanzo za kila aliyekifungua. Emotet, kilichoanza kuonekana 2014, kilizidi kwa ujanja. Waendeshaji wake waliiba mazungumzo halisi ya barua pepe, kisha wakayajibu. Wewe na mwenzako mlikuwa mnazungumzia kodi ya nyumba. Linakuja jibu katika mazungumzo yale yale, lina hati, na ujumbe unakuomba uruhusu makro ili uisome. Polisi wa nchi kadhaa waliuvunja mtandao wa Emotet Januari 2021, lakini ilipofika Novemba ulikuwa umerudi. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za hati zinazotoka kwenye intaneti, na wahalifu wakahamia kwenye mafaili yaliyobanwa na kufungwa kwa nywila, nywila yenyewe ikiandikwa ndani ya barua. Lengo ni kwamba programu ya kuzuia virusi isiweze kuchungulia ndani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "namjua aliyetuma?" bali "nilikuwa nalitarajia faili hili?" Ukisita, mpigie simu aliyetuma. Usijibu kwa barua pepe hiyo hiyo, maana anayejibu anaweza kuwa mwizi.

Hali ya nyumba zetu ina mambo yake. Kwanza, kompyuta moja hutumiwa na baba, mama na watoto, wote kwa akaunti moja yenye mamlaka yote, na kirusi kikifunguliwa hapo kinapata mamlaka hayo hayo. Tengenezeni akaunti ya kawaida kwa matumizi ya kila siku. Pili, wengi wetu huzima masasisho ili kuokoa bando. Naelewa bei ya bando, lakini kompyuta isiyosasishwa ina matundu ambayo wahalifu wanayajua kwa majina. Tatu, ile Windows ya bure anayoweka fundi wa mtaani pamoja na programu ya kuvunja leseni: mara nyingi programu hiyo ndiyo inayodai uzime kinga kwanza. Hapo hata kiambatisho hakihitajiki.

Nakala za picha na hati wekeni kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili ili kudai fidia kitaifunga nayo.

Aliyekwisha kufungua faili baya azime intaneti mara moja, abadilishe nywila akitumia kifaa kingine, na awaarifu walio kwenye orodha yake ya anwani. Wengi hunyamaza kwa aibu, na kimya hicho ndicho kinachowafikisha ndugu zao kwenye faili lile lile.

Ninawaomba wale wanaofundisha kompyuta mashuleni waweke somo la kusoma jina kamili la faili kabla ya somo la kutuma barua pepe.