Gurudumu la Bei Rahisi

Somo: Luka 19:1–10

Najua wengine wenu mnanisikiliza chai ikiwa bado motoni, na wengine mko karibu kutoka kwenda shambani au sokoni. Nawaomba mketi nami kwa dakika chache, maana leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli.

Marehemu baba yangu aliacha baiskeli ya Raleigh, ile nyeusi ndefu ambayo sisi huiita Black Mamba. Kwa miaka mingi ilikuwa imelazwa nyuma ya ghala la mahindi, na kuku walilala juu yake. Tairi lilikuwa limeoza, mnyororo umeshikana kwa kutu, na gurudumu la nyuma halikuwepo kabisa. Lakini fremu ilikuwa nzima. Wakati huo nilikuwa nikihudumia makanisa matatu hapa Matete, nikitembea kwa miguu mpaka pande za Lwandeti na Chevaywa. Mara nyingi nilifika kwa mgonjwa nimechelewa. Basi nikasema moyoni, Nitaifufua baiskeli ya baba.

Ndugu msikilizaji, kazi hiyo haihitaji mali nyingi. Inahitaji subira. Baiskeli za Hero za India na Phoenix za China zilifuata sana mtindo ule wa Kiingereza wenye magurudumu ya inchi 28, kwa hiyo vyombo vyake vingi huingiliana. Tena, kazi ya boda boda iliyoanza kwa baiskeli kule mpakani Busia sasa imechukuliwa na pikipiki, na katika boma nyingi utaikuta baiskeli kuukuu imelala tu. Ukienda kwa heshima na kuuliza, utapata.

Fundi wangu, ambaye hufanya kazi chini ya mti karibu na soko, alinipa kanuni moja: usinunue kipya kabla hujaosha cha zamani. Tuliziosha gololi kwa mafuta ya taa. Zilizochubuka tukazitenga, zilizo nzima tukazipaka grisi. Mnyororo tuliulaza ndani ya mafuta usiku kucha, nao ukalegea. Pedeli ya kushoto ilinishinda, nikaisukuma mpaka mikono ikauma, hata fundi akacheka na kunionyesha kwamba upande ule hufunguka kinyume cha ule wa kulia. Fimbo za breki tulizipata kwa mzee mmoja ambaye baiskeli yake ilikuwa imevunjika fremu. Alituuzia kwa hiari yake, tukapatana bei, na kengele tukamwachia kwa sababu wajukuu wake waliipenda.

Likabaki gurudumu la nyuma. Hapo mambo yalikuwa mazito. Gurudumu la mbele lina spoki 32, lakini la nyuma lina 40, kwa maana ndilo linalobeba mzigo. Zaidi ya spoki nilitakiwa kutafuta rimu, habu, friwili, tyubu na tairi. Fundi akaniambia, "Mwalimu, kusanya kidogo kidogo. Mwezi huu rimu, mwezi ujao spoki." Lilikuwa shauri jema, lakini mimi sikutaka kungoja.

Jioni moja, soko likiwa linafungwa, alikuja kijana tusiyemfahamu. Alikuwa amebeba gurudumu zima la nyuma, na tairi lake juu. Bei aliyoitaja haikufika hata bei ya tairi peke yake. Fundi aliliangalia lile gurudumu, kisha akaniangalia mimi. Halafu akainama, akashika spana yake na kuendelea kufunga baiskeli ya mtu mwingine. Hakusema neno.

Wapendwa, niliuelewa ule unyamavu wake. Kulikuwa na swali moja la maneno mawili tu: Limetoka wapi? Sikuliuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Badala yake nilijiambia kwamba Bwana amenifungulia mlango kwa ajili ya kazi yake. Nikalipa haraka kabla kijana hajabadili bei.

Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema juu ya mtu anayepokea mali ya wizi, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Sheria haimtazami tu yule aliyejua. Inamtazama pia yule aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mali hiyo imeibwa. Mimi sababu nilikuwa nayo. Ilikuwa ni ile bei yenyewe.

Nilipanda baiskeli ile wiki tatu. Jumapili ya tatu, baada ya ibada, mama mmoja mjane alinijia mahali nilipoiegemeza. Akaniambia, "Mulembe, Mwalimu." Nikamwitikia. Kisha akainama na kugusa mkanda mdogo wa ngozi uliozungushiwa habu, kama wengi wafanyavyo ili kuifuta vumbi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mkanda huu niliukata mimi mwenyewe kutoka kwenye kiatu cha marehemu mume wangu. Gurudumu hili liliibwa kwetu. Labda wewe uliuziwa bila kujua."

Kijana wake alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli ile. Tangu siku ya wizi alikwenda kwa miguu, na mara nyingine maziwa yalifika yameharibika. Wakati mimi niliposhukuru kwa kufika mapema kwa wagonjwa, yeye alikuwa akimwaga maziwa.

Yule mama hakunishtaki. Alinifungulia njia ya kutokea mbele ya watu. Ningesema, "Ndiyo mama, sikujua," na hakuna mtu angeweza kunipinga. Ningekuwa nimesema kweli kwa midomo na uongo kwa moyo. Nilisimama pale nikamkumbuka Zakayo.

Mnaijua habari yake. Mtoza ushuru wa Yeriko alipanda mkuyu ili amwone Yesu. Lakini angalieni utaratibu wa habari ile. Yesu hakumwambia kwanza arudishe mali za watu, ndipo aingie nyumbani kwake. Alimwita, akataka kukaa kwake, na watu wakanung'unika. Baada ya kupokelewa hivyo ndipo Zakayo aliposimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kurudisha kwake hakukuwa bei ya kununua wokovu. Kulikuwa dalili kwamba wokovu umeingia nyumbani.

Basi nikamwambia yule mama, "Sikuuliza kwa sababu nilijua." Wazee wa kanisa walikuwa wakisikia. Niliomba spana, nikalifungua gurudumu palepale, nikampa kijana wake. Kesho yake tulikwenda pamoja kwa chifu nikaeleza yote. Baadaye nilimpelekea fedha kwa ajili ya maziwa yaliyopotea. Alikataa, nikamsihi, mwisho akapokea. Kisha nikarudi kutembea kwa miguu muda wa miezi mitano, nikikusanya rimu, na spoki, na friwili, kidogo kidogo kama fundi alivyonishauri tangu mwanzo. Kila chombo nilijua kilikotoka. Siku tulipokaza spoki ya mwisho, fundi alilizungusha gurudumu, likaenda sawasawa, naye akasema, "Sasa hili ni lako, Mwalimu."

Ndugu na dada zangu, kitu kinaweza kuwa rahisi kwa sababu njema: mwenyewe hakihitaji tena, au kimechakaa na wewe una subira ya kukisafisha. Hapo furahi, ununue, ushukuru. Lakini iko bei nyingine iliyo ndogo kwa sababu mtu mwingine amekwisha kulipa kilichobaki, naye hakuulizwa. Gurudumu langu lililipwa na mjane, bila hiari yake. Ndiyo maana lilikuwa rahisi.

Iko pia zawadi ambayo sisi tunaipokea bila kulipa hata senti, nayo ni neema ya Mungu. Wengine huidharau wakidhani ni kitu hafifu kwa kuwa ni bure. Uliza swali lilelile: Imetoka wapi? Imetoka msalabani. Nayo ililipwa na mtu mwingine, lakini huyu alijua gharama yake, akalipa kwa hiari yake mwenyewe, kwa kutupenda. Mtu aliyepokea zawadi ya namna hiyo atawezaje tena kustarehe juu ya kitu kilicholipwa na machozi ya jirani?

Labda nyumbani kwako leo kuna kitu ambacho hukuuliza kilikotoka. Labda ni baiskeli, labda ni simu, au ni mpaka wa shamba uliosogea kidogo usiku. Usingoje mwenyewe aje augundue mkanda wake. Nenda wewe kwanza. Bwana aliyeketi mezani kwa Zakayo atakwenda pamoja nawe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe unajua yaliyo ndani ya nyumba zetu na ndani ya mioyo yetu. Tusamehe kwa maswali tuliyoogopa kuuliza. Utupe subira ya kukusanya kidogo kidogo kilicho halali, na moyo wa kurudisha kisicho chetu. Uwafariji walioibiwa, na kijana aliyeiba umtafute kama ulivyomtafuta Zakayo. Amina.