Ukumbusho wa Masika kwa Wenye Nyumba

Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nia yetu leo ni kusema nanyi habari za masika kabla mawingu hayajakusanyika, maana mtu aanzaye kutafuta ngazi wakati bati limekwisha kupeperuka, huyo amechelewa.

Ndugu zetu wakaao milimani, huko Lushoto, Njombe na Makete, wana majira yao ya kujihadhari, nayo ni kipupwe. Tangu Juni hata Agosti baridi yao ni kali, na katika uwanda wa juu wa Kitulo umande huganda usiku juu ya majani. Mwenye nyumba wa huko hukusanya kuni kavu mapema, huziba nyufa za ukuta, tena huwatafutia watoto nguo nzito. Sisi wa Mabibo na sehemu zote za Dar es Salaam huwacheka wanapotusimulia habari za makoti na mablanketi. Lakini hatuna haki ya kucheka. Wao hujiweka tayari kila mwaka kwa baridi yao, na sisi kila mwaka hushangazwa na mvua, kana kwamba ni mgeni asiyepata kufika kwetu. Kumbe masika yajulikana: huanza mwezi wa Machi, huzidi Aprili, nayo huisha Mei. Kisha vuli hutujia tena kuanzia Oktoba hata Desemba.

Kwanza na tufahamu sababu ya maji kutushinda. Mabibo, kama mjuavyo, ni matunda ya mkorosho, yale yenye maji mengi yakazayo ulimi, ambayo korosho huning'inia chini yake. Penye mikorosho na mchanga mtupu, mvua ikinyesha maji huzama ardhini polepole. Lakini leo mahali pa mti pana paa, na mahali pa mchanga pana sakafu ya saruji. Mwanafunzi aweza kujaribu mwenyewe: amwage kikombe cha maji juu ya mchanga, kisha kingine juu ya saruji, aone lipi litakalokuwa.

Sasa twaomba wanafunzi wachukue kalamu. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 8 ina mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 50, jambo lisilo geni katika Aprili, paa hilo moja litamwaga lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Basi twamwuliza kila mwenye nyumba: je, ndoo hizo 200 umezitengenezea njia ya kupita? Usipozitengenezea wewe, zitajitafutia zenyewe.

Zikijitafutia, huteremka bondeni, kwa kuwa vijito vya kwetu hukimbilia mto Msimbazi. Mto huo hutoka katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita Kigogo na Jangwani, nao huingia baharini karibu na daraja la Salenda. Kwa kuwa watoka mbali, mtu wa Kigogo aweza kuona nyota juu ya paa lake, na huku maji yamnyemelea mlangoni kutoka vilimani. Hatujasahau Desemba ya mwaka 2011. Tangu tarehe 20 mvua kubwa ilinyesha, watu wapatao 40 wakafa, na maelfu wakakosa makao, hata serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Angalieni ya kuwa hiyo ilikuwa Desemba, wala si Aprili. Kwa hiyo ukumbusho huu wafaa kwa vuli kama ufaavyo kwa masika.

Msidhani kwamba twanena kama watu wasio na kosa. Sisi wenyewe tulijenga nyumba yetu juu kidogo ya nyumba ya bibi mmoja mjane. Tulitandaza saruji uani pote ili watoto wasikanyage matope, tukaweka gata upande mmoja tu, na mdomo wake ukaelekea bondeni. Bibi yule alitujia mara mbili, akatuambia kwa adabu, "Mwalimu, maji yako yanakuja kulala kwangu." Tukamjibu, "Tumesikia, Bibi, tutalitazama tukipata nafasi." Nafasi ya kusahihisha madaftari ilipatikana, na nafasi ya kwenda arusini ilipatikana, ya kuchimba mtaro haikupatikana.

Usiku mmoja wa Aprili, mvua ikinyesha kwa nguvu, tulisikia kishindo. Tukatoka na taa. Ukuta wa chumba cha nyuma cha yule bibi ulikuwa umelala chini, juu ya kitanda cha mjukuu wake. Tulifukua kwa mikono, tusithubutu kutazamana. Kumbe mtoto hakuwamo. Alikuwa ameogopa radi, akahamia kitandani kwa bibi yake. Bibi hakututukana. Alisema tu, "Mwalimu, maji yako yameamka."

Tuliujenga upya ukuta ule, na mtaro tukauchimba. Gharama ya ukuta ilizidi gharama ya mtaro mara nyingi, lakini si fedha ituumayo tunapokumbuka. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa ulikuwa wetu, na ukuta ulioanguka ukawa wa mwenzetu. Basi yafuatayo twayanena kwa ajili ya mtoto yule.

La kwanza ni paa. Panda juu siku ya jua, wala usingoje tone la kwanza likudondokee. Kaza misumari iliyolegea, tazama kama kofia ya paa imekaa sawa, ondoa majani ya mwembe yaliyojaa katika gata. Tawi bovu linaloinamia nyumba likatwe sasa, kabla upepo haujalikata kwa saa uitakayo wenyewe.

La pili ni njia ya maji. Mwenye uwezo na aelekeze gata kwenye simtanki au pipa, maana maji hayo yatamfaa kufulia na kumwagilia mboga. Lakini chombo kiwe na mfuniko. Yanayozidi yaende katika mtaro wa mtaa, wala yasielekezwe kwenye ukuta wa jirani. Na huo mtaro wa mtaa si jalala. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa tupu, magunia machakavu na mabaki ya vyakula bado vyatupwa humo. Takataka ikiziba shimo la daraja dogo, nyumba kumi hufurika kwa uvivu wa mtu mmoja. Yafaa kila mtaa uafikiane na mwenyekiti wake siku ya kuzibua mitaro kabla ya Machi, na kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye jembe.

La tatu ni choo, na juu ya hilo tutasema wazi. Wako watu ambao hungoja mvua kubwa, kisha hufungua choo chao kilichojaa ili maji yachukue uchafu. Jambo hilo huitwa kutapisha choo. Afanyaye hivyo hudhani ameondoa uchafu. Kumbe ameupeleka penye kisima cha mwenzake na miguuni pa watoto wa mwenzake. Katika Agosti ya mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea nchini hata wagonjwa wakapita 20,000. Kipindupindu hupita kinywani, kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi. Kwa hiyo choo kinyonywe na gari wakati wa kiangazi, hata kama nyumba mbili tatu zitachangiana gharama.

La nne ni mahali pa kujenga. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Twajua kwamba wengi hawakukaa bondeni kwa ujinga. Walikaa kwa sababu kiwanja cha bondeni ni rahisi, na watoto lazima walale mahali. Hatuwalaumu. Ila twamwambia anayetaka kununua leo: kiulize kiwanja hicho habari zake za Aprili, yaani waulize majirani maji yalifika wapi ukutani. Naye aliyekwisha kukaa huko na aweke vyeti vya watoto na hati zake katika mfuko usioingia maji, tena apange mapema nani atamchukua mtoto, nani atamwongoza mzee, na njia gani itafuatwa kwenda mahali palipoinuka. Mpango huo ufanywe mchana, kwa maana usiku wa gharika kila mtu hupiga kelele wala hakuna asikiaye.

Mvua ikiisha kuanza, sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Msivuke maji yaendayo kwa nguvu, hata yakionekana kufika magotini tu, kwa kuwa hamwoni shimo lililo chini yake. Na watoto wa shule wasivuke peke yao. Maji yakiingia ndani, zima umeme kwenye swichi kubwa ikiwa waweza kuifikia pakavu. Waya ulioanguka usiguswe kamwe, itwe TANESCO.

Kuna hatari nyingine iingiayo kimya. Mvua ikizidi, mama hulazimika kuingiza jiko la mkaa ndani, na baridi ya usiku ikija, wengine huliacha liwake chumbani ili wapate joto. Huko milimani katika kipupwe wako waliolala hivyo wasiamke asubuhi. Mkaa uwakao hutoa hewa yenye sumu, isiyo na harufu wala rangi, nayo humlaza mtu usingizi wa moja kwa moja. Jiko lisilale chumbani pamoja na watu, hata likionekana kufifia.

Mvua ikikoma, kazi haijaisha. Mbu aletaye malaria huuma usiku, basi vyandarua viwe vizima. Lakini mbu wa homa ya dengu, iliyotusumbua Dar es Salaam katika miaka ya 2014 na 2019, huuma mchana, naye hutaga mayai katika maji yaliyotuama kwenye vifuu, makopo na matairi ya zamani. Mwageni maji hayo kila juma. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtu akiharisha sana, apewe mara moja maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa zahanati, asingoje kupambazuke.

Wasikilizaji wetu, tumesema mengi, nasi twajua kwamba mengi husahauliwa. Basi tutawapa kazi moja ya nyumbani, kama ilivyo desturi yetu walimu. Jumapili hii, kila mwenye nyumba amshike mtoto wake mkono, waizunguke nyumba yote, wamtafute njia yule mgeni wa ndoo 200. Kisha ashuke kwa jirani aliye chini yake, abishe hodi, amwulize: "Jirani, maji yangu hulala wapi?" Akijibiwa kwamba yanalala kwake, asiseme kama tulivyosema sisi, kwamba atalitazama akipata nafasi.

Kwaherini, na mvua iwakute mkiwa tayari.