INJINI YA PIKAPU YA SHULE: HESABU NINAYODAIWA

(Maelezo ya mwanachama wetu mmoja, fundi wa magari, katika mkutano wa mwaka uliofanyika bwaloni.)



Nimepewa dakika kumi nieleze habari za pikapu ya shule. Mwaka juzi, katika bwalo hili hili, mlichanga fedha mkanikabidhi kazi ya kuijenga upya injini ya ile Land Cruiser FJ45. Leo natoa hesabu. Hesabu yenyewe ina doa, na ni afadhali mlisikie kwangu kuliko kulisikia njiani.

Kwanza tuifahamu injini yenyewe. Inaitwa 2F. Toyota walianza kuitoa mwaka 1975, ikashika nafasi ya F ya zamani. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimeta za ujazo 4,230. Upana wa kila silinda ni milimita 94, na pistoni husafiri milimita 101.6. Bloku na hedi ni chuma cha kusubu, na kamshafti huzungushwa kwa gia, si kwa mnyororo. Ni injini nzito, inayokunywa petroli bila haya, lakini hujengeka upya mara nyingi. Ndiyo maana niliwashauri tusiitupe.

Tulipoifungua tulikuta silinda zimelika zaidi upande wa juu, mahali ringi zinapogeukia. Hiyo ni kawaida. Nilipima kila silinda juu, katikati na chini, kwa njia mbili zinazokingamana, kwani silinda iliyochakaa haibaki duara. Tukanunua pistoni zilizozidi kwa nusu milimita, na pistoni hizo tukampelekea mkerezaji kabla hajagusa bloku. Vijana mnaojifunza ufundi shikeni hilo: silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyoko mezani, si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Krenki nayo ilisagwa robo milimita, tukanunua beringi za kipimo hicho.

Sasa nafika kwenye doa.

Krenki ina matundu ndani yake, ambayo oili hupitia kwenda kwenye beringi. Inaposagwa, vumbi la jiwe na la chuma huingia humo. Fundi hana budi kuyasafisha matundu hayo kwa burashi nyembamba na mafuta ya taa, kisha kuyapuliza kwa upepo, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mimi nilifuta krenki kwa nje, nikapuliza mara moja, nikafunga. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, nami nilitaka gari lionekane uwanjani siku hiyo. Niliona fahari kuliko kazi.

Wiki ya tatu, usiku, mwanafunzi wa kidato cha pili alishikwa na homa kali. Dereva akampakia na mwalimu wa zamu. Walipofika katikati ya mlima, mshale wa presha ya oili ukaanguka na injini ikaanza kugonga. Dereva akaizima, naye alifanya vema. Wakakaa gizani karibu saa mbili, hata lori la mahindi likawachukua. Mtoto alitibiwa akapona, nasi tumshukuru Mungu. Lakini zile saa mbili ni zangu. Si za dereva, wala za mkerezaji, wala za uzee wa gari.

Tuliifumua tena. Beringi zilikuwa zimechimbika, na ndani yake mlikuwa na vumbi lile lile. Krenki ikasagwa mara ya pili, nusu milimita chini ya kipimo cha asili. Gharama zote za safari hiyo nimelipa mimi, na stakabadhi ziko kwa Mweka Hazina.

Mara hii nilifanya kazi pamoja na vijana wanne wa kidato cha tatu. Nikaweka sharti: hakuna kinachofungwa mpaka mmoja wao amepima, mwingine amepima tena, na namba zote mbili zimeandikwa daftarini. Boliti za hedi tulizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, wala si kwa mkupuo mmoja. Tulizungusha pampu ya oili kwa mkono mpaka oili ikaonekana juu kwenye roka, ndipo tukawasha. Kwa kuwa kamshafti ilikuwa mpya, hatukuiacha injini ilale. Tuliishika kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika ishirini. Ilipopata moto tukapima nafasi za valvu: milimita 0.20 za kuingiza, 0.35 za kutoa moshi. Baada ya kilometa 500 tukamwaga oili, tukaikata filta kutazama ndani. Ilikuwa safi.

Tangu hapo pikapu imekwenda hospitali, sokoni na michezoni, wala haijalala njiani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo mawili. La kwanza, mkutano uamue kama bado mnaniamini na kazi za shule. Uamuzi wowote nitaupokea. La pili, lile daftari la vijana likae maktaba. Wao ndio waliogundua, siku ya kufunga, kwamba kifuniko kimoja cha beringi nilikuwa nimekigeuza. Mmoja alisema, "Shikamoo mzee, lakini alama ya mshale inatazama nyuma." Nilimwitikia marahaba, nikakifungua.